Famasi iliyokataa hela yangu

Mama yangu anachoma insulini mara mbili kwa siku, ile ya mchanganyiko yenye rangi ya maziwa. Mnunuzi ni mimi. Kwa hiyo famasi za upande wetu wa Tabata nazifahamu kuliko ninavyofahamu baa zake, na hii ninayoielezea nimekuwa mteja wake mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Kabla yake nilikuwa nanunua duka jingine karibu zaidi na nyumbani. Friji yao ilikuwa na insulini juu, katikati mtindi na chini soda za wauzaji. Ukilipa unapewa kichupa ndani ya bahasha ya kaki, unapanda nacho daladala saa saba mchana. Sikuona tatizo. Kuna kipindi sukari ya mama ilipanda hadi 19 na dozi hajaruka hata moja. Siwezi kuapa kwamba ni dawa, maana kulikuwa na msiba na pilau ililiwa, ila tulipobadilisha kichupa ikashuka.

Sasa hii famasi mpya. Jumamosi moja nilifika saa mbili asubuhi, umeme ulikuwa umekatika usiku kucha na ndiyo kwanza umerudi. Mfamasia, dada mmoja mpole ambaye wateja wote wanamwita dokta, hakufungua hata friji. Alivuta daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kila siku wanaandika joto la friji, asubuhi na jioni, na mistari yote juu ilikuwa 4, 5, 5, 6. Ya asubuhi hiyo: 14.

"Kaka, hizi leo sikuuzii."

Nikamwambia mbona mama akishafungua anakaa nayo nje tu, kwenye chungu chenye mchanga wa maji. Akacheka, akasema chungu ni sawa kabisa, lakini ile ikishatoka kwenye baridi inahesabiwa siku, nyingi zao ni 28, na isizidi nyuzi 30. Ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya 2 na 8. "Inawezekana hizi ni nzima. Ila zimekaa kwenye joto saa ngapi, sijui, na wewe utaondoka ukijua umenunua mpya." Vichupa vyote akavihamishia kwenye boksi lililoandikwa ISIUZWE kwa maka pen, akapiga simu kwa msambazaji, kisha akanielekeza famasi nyingine vituo viwili mbele. Yaani alinipeleka kwa mshindani wake! Tangu siku hiyo sijaenda kwingine.

Siku za kawaida wanakupa kipande cha barafu kilichozungushiwa gazeti, kwa sababu insulini ikigusa barafu moja kwa moja inaweza kuganda, na ikiganda ni ya kutupa. Kabla ya kukukabidhi anakizungusha kichupa taratibu katikati ya viganja, hakitikisi, anakiinua kwenye mwanga. Akiona chengachenga zimeganda kwenye kioo hakiuzi. Na mama yangu, ambaye alikuwa akitikisa kama chupa ya togwa, siku hizi anazungusha vilevile.

Mengine kwa haraka. Vidonge wanahesabia kwenye kisahani kwa kijiti bapa, si kiganjani. Bahasha inaandikwa jina la dawa, si "1x3" peke yake. Cheti cha Baraza la Famasi kipo ukutani, sehemu unayoweza kukisoma. Antibayotiki bila cheti cha daktari hupati, na ukisema "nipe hata mbili za kuanzia" ndiyo unaharibu kabisa. Nimemshuhudia baba mmoja akiondoka anatukana. Kuhusu ya maji ya watoto, anachanganya pale pale kwa maji safi hadi kwenye mstari, baada ya kuuliza mtoto ana kilo ngapi. Wengi huuliza umri tu.

Kasoro zipo. Bei inazidi majirani kwa elfu moja au mbili. Jumapili wanafungua saa nne. Kijana wa zamu ya jioni ana haraka, barafu mpaka umkumbushe. Na kubwa kuliko zote, hakuna faragha. Kaunta ni moja, foleni iko mgongoni kwako, na yule dada huuliza maswali yake yote kwa sauti. Mwezi uliopita nilifuata dawa ya kwangu mwenyewe, si ya mama, akaniuliza dalili zimeanza lini. Nyuma yangu kulikuwa na jirani na mwanakwaya mwenzangu. Nikasema nimefuata Panadol.

Nyota nne.