Gundi ya marumaru: tafuta herufi E kabla hujauliza bei

Nilikuwa napiga deki barazani kwetu Tanga, wiki ya tatu tangu fundi amalize kazi, nikatua ndoo na kusikia mlio mtupu. Nikagonga marumaru ya pembeni: mlio ule ule. Nikaingiza ncha ya kisu kwenye grauti, ule ujazo wa katikati ya marumaru na marumaru; moja ikanyanyuka nzima kama mfuniko wa sufuria. Mgongo wake ulikuwa safi kama umetoka kwenye boksi. Gundi ilibaki sakafuni imesimama matuta kwa matuta, kama shamba la viazi, vile vile mwiko wa meno ulivyoichana. Vichwa vya matuta vilikuwa vimebonyea kidogo tu, na juu yake kuna ngozi laini inayong'aa.

Tulibandua 31 siku ile. Nyumbani kila mtu alimlaumu fundi. Mimi nilikaa chini na lile pande la gundi mkononi, nikaona kosa lilianza dukani, na aliyenunua ni mimi.

Ukienda kununua gundi, muuzaji atakueleza rangi, uzito na nchi ilikotoka. Hayo utayapata kwake. Mimi nataka uangalie jambo moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: gundi ikishapakwa sakafuni, inakaa mbichi usoni kwa muda gani? Uji ukipoa hufunga utando juu ilhali chini bado ni laini. Gundi nayo ni hivyo hivyo. Ikishafunga utando, hata uipige marumaru kwa nyundo ya mpira mpaka jioni, inakalia utando, haishiki gundi. Na fundi anayepaka eneo kubwa kwa mara moja barazani, saa saba mchana, kaskazi inavuma, hana dalili ya kumwonya asipogusa kwa kidole.

Mfuko mzuri una herufi za kiwango cha Ulaya, EN 12004. C1 ni gundi inayotakiwa kushika kwa newtoni 0.5 (newtoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila milimita ya mraba. C2 ni newtoni 1. T maana yake haiteremki ukutani. E ndiyo ninayoililia mimi: gundi hiyo bado inashika hata marumaru ikiwekwa dakika 30 baada ya kupakwa. Isiyo na E hupimwa kwa dakika 20. Na sikiliza hili: dakika hizo zinahesabiwa maabara, kwenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50. Tanga mwezi wa pili hakuna mchana wa nyuzi 23. Juani na penye upepo, dakika 20 za maabara zinayeyuka kabla fundi hajachukua marumaru ya tatu. Kwa hiyo sisi watu wa pwani E si nakshi, ni lazima.

E inatoka wapi? Ndani ya mfuko kuna saruji, mchanga laini, selulosi kidogo inayozuia maji yasikimbie, na unga mweupe wa polima. Unga huu mara nyingi ni vinili asetati na ethilini, uliotengenezwa kwanza kama maziwa mazito kisha ukanyunyizwa kwenye hewa ya moto hadi ukawa vumbi. Ukitiwa maji unarudi kuwa maziwa. Maji yakiondoka unaacha utando wa plastiki katikati ya chembe za saruji. Marumaru za poselini hazinywi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo saruji haina tundu la kuingiza mizizi. Polima ndiyo inayozishika.

Unga huo kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 5 ya mchanganyiko. Kwenye mfuko wa kilo 20 ni gramu 200 hadi kilo moja, basi. Lakini kilo kwa kilo unaizidi saruji bei kwa mbali, na mtu akitaka kushusha bei ya mfuko, hapo ndipo anapopunguza. Kwa macho huwezi kujua. Unga wa kijivu ni unga wa kijivu.

Ninavyozipanga, basi.

Namba moja ni Keraflex ya Mapei, kampuni ya Milan iliyoanza mwaka 1937. Ni C2TE, na sifichi kwamba naipenda. Baraza lilirudiwa kwa hiyo. Nilimwomba fundi apake kipande, tukaweka vipande vya marumaru kila baada ya dakika 10, kisha tukavinyanyua. Cha dakika 30, kivulini, kilitoka na gundi mgongo mzima. Kwa marumaru kubwa za nje zinazopigwa jua, panda hadi Keraflex Maxi S1, ambayo inakubali kujipinda kidogo sakafu inapotanuka.

Namba mbili ni gundi yoyote ya C2TE au C1TE, hata ya hapa nyumbani, mradi herufi zimechapwa kwenye mfuko wenyewe pamoja na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe ya kutengenezwa.

Namba tatu, C1 tupu. Ukuta wa bafuni, marumaru ndogo za seramiki zinazonywa maji, kivulini. Nje hapana.

Namba nne ni ile ya kununua gundi rahisi na kuimiminia lateksi, yaani mpira wa majimaji, kwenye ndoo. Hapo kipimo kinakuwa mkono wa fundi, na utando juani bado unafunga upesi.

Saruji na mchanga kwa poselini, usiweke.

Sasa wauzaji. Niliyenunua kwake alinijibu, "Zote gundi tu, dada yangu." Mfuko ulikuwa umeandikwa "imara sana" kwa herufi kubwa, bila C, bila E, bila tarehe. Mifuko ilipangwa sakafuni chini ya bati linalochoma, na polima haipendi joto wala unyevu: inagandana mabonge, na bonge halirudi kuwa maziwa. Duka la pili wanafungua mfuko na kupima kwa kilo, mdomo wazi tangu asubuhi, na bado kilo ile ni ghali kuliko ya mfuko mzima! Anayeumia ni yule anayejenga kidogo kidogo, chumba kwa chumba, asiye na fedha ya mfuko mzima. Niliporudisha malalamiko niliambiwa mzigo ukitoka dukani haurudi. Fedha ya marumaru 31, grauti na siku tatu za fundi nililipa mimi.

Mifuko minne ya ile gundi bado iko stoo. Nimeiandikia kwa kalamu ya wino mzito: "Choo cha uani, ukutani tu."