Vijiwe vya kitanda cha akwaponiki: vya kununua, vya kufikiria mara mbili, na vya kuacha dukani

Anayeanza akwaponiki nyumbani, yaani kufuga samaki na kukuza mimea kwa maji yale yale yanayozunguka, huwaza samaki na pampu kwanza. Vijiwe vya kujazia kitanda cha mimea huvikumbuka mwishoni, tangi likiwa limeshajaa maji. Ningemwomba aanze navyo. Pampu ikifa, unaichomoa na kuweka nyingine jioni hiyo hiyo. Vijiwe ukivikosea, utang'oa mimea, utavichota ndoo kwa ndoo, na bakteria uliowalea wiki tatu hadi tano wataondoka navyo.

Bakteria hao ndio moyo wa mfumo wote. Samaki hutoa amonia. Bakteria walioshika uso wa vijiwe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo mimea inayokula. Kijiwe chenye vitundu vingi kina uso mkubwa, kwa hiyo hubeba bakteria wengi. Kijiwe hicho hicho hushikilia mizizi na kunasa kinyesi cha samaki kabla maji hayajarudi tangini. Ukinunua vijiwe, umenunua chujio.

Usilipe kabla ya kupima mambo matatu.

La kwanza ni ukubwa. Tafuta vya milimita 8 hadi 20. Vidogo zaidi hushikana, na maji hukosa njia. Vikubwa zaidi hupunguza uso wa bakteria, na kupandikiza mche mchanga katikati yake ni tabu.

La pili ni uzito, na hapa naomba ukae na karatasi na kalamu. Kitanda cha mita moja kwa mita moja, chenye kina cha sentimita 30 ambacho mboga nyingi zinakihitaji, hubeba lita 300 za vijiwe. Kokoto za kawaida zina takriban kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kitanda hicho kimoja kitakuwa na karibu kilo 480 kabla hujaweka tone la maji. Maji yakijaa kwenye nafasi zilizo katikati ya kokoto, unakaribia kilo 600. Kama kitanda kitakaa juu ya udongo uliosawazishwa, hakuna shida. Kama ni kwenye roshani au juu ya paa, usinunue chochote kabla fundi wa majengo hajakuambia sakafu inabeba kiasi gani. Meza ya mbao nyembamba nayo isahau.

La tatu ni siki. Osha vijiwe vichache, vikaushe, kisha vidondoshee siki. Vikitoa vipovu, vina chokaa, virudishe. Jaribio hili huchukua dakika moja, na nalisema kwa uchungu kwa sababu kitanda changu cha kwanza nilikijaza vijiwe vyeupe vizuri sana vya marumaru bila kulifanya. pH ya maji, yaani kipimo cha asidi yake ambacho chokaa hukipandisha, ilikwama juu ya 7.5, wakati mimea hustawi zaidi ikiwa kati ya 6 na 7. Majani machanga yakawa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, dalili kwamba mimea inakosa madini ya chuma. Kuongeza chuma kulisaidia kidogo tu, kwani pH ikiwa juu, mizizi hushindwa kuyatumia madini hayo. Isitoshe, pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia majini hugeuka kuwa ile inayowaumiza samaki. Nilihangaika miezi kadhaa, mwishowe nikatoa vijiwe vyote.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Nafasi ya kwanza: mawe ya volkano yaliyopondwa. Yale mekundu au meusi yenye vitundu kila upande. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo huyapa mita za mraba 300 hadi 400 za uso kwa kila mita ya ujazo, na hayabadilishi pH. Uzito wake ni takriban nusu ya ule wa kokoto. Kasoro yake ni kingo kali: zinachubua mikono unapopanda, kwa hiyo vaa glavu, na uchague yaliyochekechwa vizuri kwani vumbi lake ni jingi. Mahali yanapopatikana kwa urahisi, sioni sababu ya kuhangaika na kingine.

Nafasi ya pili: tembe za udongo uliochomwa. Hizi ni vitufe vya mfinyanzi vilivyovimbishwa kwa moto mkali. Ni nyepesi, laini mkononi, hazigusi pH, na uso wake ni mita za mraba 250 hadi 300 kwa mita ya ujazo. Wauzaji wengi huziweka juu kuliko vyote, na kwa roshani nakubaliana nao kabisa: huko ndizo namba moja. Kwa kitanda kilicho chini, bei yake ni kubwa kuliko faida unayoongeza. Baadhi huelea siku za mwanzo, kwa hiyo ziloweke usiku kucha kabla ya kumimina, na weka wavu kuzunguka sifoni, lile bomba linalotoa maji kitandani, ili zisiingie.

Nafasi ya tatu: kokoto za granite. Ni rahisi kupata, hazichakai, na zikifaulu jaribio la siki hazitakusumbua kamwe upande wa pH. Uso wake ni mdogo kwa sababu hazina vitundu, basi anza na samaki wachache na uongeze taratibu huku ukipima amonia. Ukiwa na ardhi ya kutosha na fedha kidogo, hili ndilo chaguo la busara. Mifumo mingi imara niliyoiona imejengwa juu yake.

Nafasi ya nne: pamisi, lile jiwe jepesi la volkano ambalo watu husugulia visigino. Bakteria hulipenda, lakini vipande vingi huelea na hukorofisha mche uliopandwa juujuu. Litumie likiwa limefunikwa na tabaka la vijiwe vizito zaidi.

Vya kuacha: mchanga wa kawaida, kwani huziba upesi pasipo muundo uliobuniwa mahsusi kwa ajili yake, nyuzi za maganda ya nazi, ambazo huoza polepole na kuchafua maji, perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za jiwe la volkano lililovimbishwa kwa moto, ambayo huelea, na chochote chenye chokaa, yakiwemo matumbawe na makombe. Kuna watu hutumbukiza kifuko cha makombe tangini pale pH inaposhuka mno, na ni jambo la maana, maana kazi ya bakteria yenyewe huyafanya maji kuwa na asidi kadiri siku zinavyopita. Tofauti ni kwamba kifuko unaweza kukitoa.

Ukichanganya aina mbili ili kupunguza gharama, weka kokoto chini na tembe au mawe ya volkano juu, pale unapotumbukiza mikono. Agiza asilimia chache zaidi ya hesabu yako, kwani vijiwe hujipanga na kushuka baada ya maji kupita mara kadhaa.

Osha kila kitu hadi maji yatoke maangavu. Kwa mawe ya volkano hii ni kazi ya nusu siku, na vumbi usilolitoa leo litaishia kwenye pampu. Vikishakuwa kitandani, acha sentimita 2 hadi 5 za juu ziwe kavu wakati wote, ili mwani usiote na shina lisioze. Samaki wakishazoea, weka kiganja cha minyoo myekundu: hula kinyesi kilichonaswa katikati ya vijiwe na huchelewesha siku ya kuvitoa na kuviosha upya. Siku hiyo ikifika, kitanda kikiwa kinatoa harufu ya yai viza au maji yakikawia kushuka, osha robo moja kwa wakati kwa maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya bombani huua bakteria unaotaka kuwabakiza.