Nililipia kumwona bingwa wa mifupa, mguu wangu hakuugusa

Nilisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Jina la hospitali silitaji. Ni ya binafsi, hapa hapa Dar. Mapokezi wanakusalimia vizuri, dirisha la malipo halina foleni ndefu, vyoo visafi. Hayo nawapa haki yao. Shida yangu iko kwenye chumba kimoja tu, cha daktari bingwa wa mifupa, na huko ndiko pesa yangu kubwa ilikoenda.

Mimi ni mtu wa jogging. Kikundi chetu kinakimbia Jumamosi alfajiri, tunapita Daraja la Tanzanite na kurudi, na miezi ile tulikuwa tunajiandaa na nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi, zile kilomita 21. Kilomita zikapandishwa haraka, wiki hadi wiki, na njia yote ni lami na zege. Kisigino cha kulia kikaanza kuuma. Kwanza baada ya mbio tu, kikilala kinapona. Halafu kikawa kinauma hata nikitembea kwenda dukani. Mwishowe nikisimama kituo cha mwendokasi lazima uzito wote niuhamishie mguu wa kushoto. Jioni kinavimba, kushoto na kulia, chini ya vifundo, na ukikishika kina joto.

Hayo ndiyo niliyokwenda kumweleza daktari. Niseme nilianza kumweleza, maana hakuniacha nimalize. Aliuliza umri, akauliza kilo, akachapa kwenye kompyuta, kisha akasema, "Mama, hiyo ni kano ya unyayo. Wanawake wa umri wako wenye mwili mnasumbuliwa sana na hiyo. Punguza uzito."

Nikamwambia, "Samahani dokta, asubuhi nikiamka hakiumi sana. Kinauma kadiri ninavyotembea."

Macho hakuyainua. Akaniandikia picha ya X-ray. Nilipoirudisha akaitupia jicho, akasema picha safi, mfupa mzima. Dawa za maumivu, na nisipopata nafuu nirudi anichome sindano ya steroidi kisiginoni. Nikauliza, je, mazoezi niache? "Wewe tembea tu, mama. Ukitembea inalainika."

Mguu wangu hakuugusa. Naomba hilo lieleweke vizuri, kwa sababu nimewasimulia watu na wote wanadhani natia chumvi. Niliingia na soksi, nikatoka na soksi. Hakubonyeza, hakuuliza hapa au pale, hakuniambia nisimame kwa mguu mmoja.

Nikatembea kama nilivyoagizwa. Wiki zikapita, na mwisho ikawa nashuka ngazi za nyumbani nimeshika ukuta.

Kilichoniokoa ni karatasi ile ile ya huyo daktari, maana chini kabisa alikuwa ameandika niende fiziotherapia, wale wanaotibu viungo kwa mikono na mazoezi. Iko hospitali hiyo hiyo, nyuma, karibu na maegesho. Huko nikamkuta binti mdogo tu. "Shikamoo mama." Nikamwitikia. Akanipandisha kitandani, soksi akaivua yeye mwenyewe, akaviangalia visigino vyote viwili sambamba kabla ya kusema neno. Kisha akabonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino, mbele kidogo kwa upande wa ndani, pale kano ya unyayo inaposhika mfupa. "Hapa mama?" Kidogo tu. Ndipo akaweka kiganja kimoja upande huu wa kisigino, kingine upande ule, akakibana katikati.

Nilipiga ukelele mpaka mgonjwa wa nyuma ya pazia akauliza kuna nini.

Akaachia pale pale. "Pole sana mama. Nadhani huu ni mfupa. Leo sikufanyishi zoezi lolote, na usiukanyage tena mguu huu." Akaniletea magongo, akaondoka kwenda kumtafuta daktari mwingine aandike MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata ndani ya mfupa. Kipimo hicho ni laki kadhaa, na niliilipa kwa uchungu, lakini jibu lilikuja wazi: mfupa wa kisigino una ufa, juu kwa nyuma, na pembeni yake mfupa umevimba kwa ndani.

Binti huyo alinieleza mambo ambayo bingwa angeyamaliza kwa dakika tano. Kano ya unyayo ikiumia, hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya kuliko zote, halafu ukitembea kidogo inaachia. Ufa wa mfupa ni kinyume chake: kadiri unavyotembea ndivyo unavyozidi, na kukibana kisigino kutoka pembeni ndiko kunakoufichua. Mfupa wa kisigino kwa ndani una vijitundu vingi, na kila siku mwili unaujenga upya pale ulipochoka. Ukiongezewa mzigo kwa haraka, uchovu unaushinda ujenzi kwa kasi, ndipo ufa unapoingia bila kuanguka wala kugongwa. Na kwa sisi wanawake tuliokaribia kukoma hedhi, mifupa inapungua nguvu, kwa hiyo hata vitamini D alitaka nipime.

Kuhusu ile picha safi: X-ray ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa namna hii kabisa. Mstari hujitokeza baadaye, tena mweupe, mfupa unapoanza kujiunga. Picha kuwa safi haikuwa ruhusa ya kunitembeza! Hilo daktari wa mifupa hawezi kuwa halijui.

Nilisoma sana nilipokuwa nimelala. Askari ndio wanaoujua ugonjwa huu, kwa sababu ya kwata na safari ndefu za miguu. Daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliovimba miguu baada ya kutembezwa sana, na yeye akadhani ni kano. Huyo namsamehe. X-ray iligunduliwa mwaka 1895, yeye angeuona wapi mfupa? Wa kwetu ana mashine mlango wa tatu na mikono miwili mizima.

Kupona kwenyewe kuliniendea vizuri, na hapa sina budi kuisifu hospitali hiyo hiyo. Ufa wa kisigino karibu kila mara hupona bila upasuaji, na mimi sikufungwa hata hogo. Kazi ilikuwa kuuondolea mguu mzigo, wiki sita hadi nane kwa kawaida. Binti alinifundisha magongo mpaka nikayaweza: uzito ubebwe na viganja, kwapa lisibanwe; kupanda ngazi mguu mzima unatangulia, kushuka yanatangulia magongo na mguu mbovu. Baadaye akanipa kiatu kigumu cha kutembelea, halafu raba yenye sponji nene kisiginoni. Dagaa na maziwa kila siku, vitamini D kwa sababu kipimo changu kilikuwa chini. Baiskeli ya kukaa mahali pamoja niliruhusiwa mapema, kwa sababu haina kishindo. Na kila nilipokwenda alikibana kisigino kwa viganja vile vile, mpaka siku moja akabana na mimi nikawa namwangalia tu. Nikamkumbatia binti wa watu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuandika kwamba hospitali ni nzuri, daktari mmoja asiwaharibie jina. Kwa kweli nilishaanza kuandika hivyo.

Halafu juzi juzi nikaenda kuchukua nakala ya faili langu. Nikakutana naye kwenye korido. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwambia, "Dokta, kumbe ulikuwa ufa." Akaangalia karatasi ya MRI, akanirudishia, akasema, "Sasa si nilikwambia upumzike?"

Nilikwambia upumzike! Mbele ya muuguzi! Mtu aliyenituma nikatembee juu ya mfupa uliopasuka, na angenichoma steroidi kwenye kisigino hicho hicho, dawa inayotuliza maumivu ukaendelea kukanyaga huku nyama laini za kisigino zikidhoofika. Ningeondoka pale nikidhani nimepona, nikaenda Moshi kukimbia. Kusahau ningeelewa, wagonjwa ni wengi. Samahani moja ingetosha, nami haya yote nisingeyaandika. Yeye ameona ni rahisi zaidi mimi ndiye nigeuzwe mgonjwa mkaidi.

Sasa sijui niwaambie nini. Msiende? Mkiacha kwenda mtamkosa yule binti, na wa namna yake sijampata kwingine. Mkienda, mtapitishwa kwanza kwa yule yule, kwa sababu utaratibu wao haukuruhusu fiziotherapia bila karatasi ya daktari. Basi nendeni, lakini mkifika kwake vueni viatu kabla ya kukaa, mwambieni abane kisigino pande zote mbili, na akisema picha safi mwulizeni itarudiwa lini. Akikataa kugusa, ombeni karatasi ya fiziotherapia mwondoke.

Mimi uongozi nimewaandikia barua. Nimeomba nirudishiwe ada ya kumwona daktari siku ile ya kwanza. Ya X-ray sidai, maana mguu wangu kule ulishikwa, ukanyooshwa, ukapigwa picha. Mpaka leo hawajajibu.