Uzoefu wangu na oili ya sintetiki kwenye Canter: filta imerudi na mwandiko wangu

"Mama, dereva yuko wapi?"

Ndilo jibu nililopewa. Swali langu lilikuwa hili: gari langu linashinda kwenye foleni, sasa hii oili ya injini ya sintetiki, ili nijue lini niimwage niweke mpya, niihesabie kilomita au niihesabie masaa? Kijana wa kaunta hakulijibu. Alichungulia nyuma ya bega langu kama mtu aliyezibiwa televisheni, akamwona dereva wangu anakunywa kahawa nje, akamwita ndani, akaanza kumweleza yeye. Gari ni langu, kadi ina jina langu, mkopo wa kikoba niliumaliza mimi, na hela ilikuwa kwenye pochi yangu. Dereva masikini akawa anaitikia kwa kichwa huku ananitazama kwa aibu.

Duka lenyewe silitaji. Liko Barabara ya Mandela, Dar, lina vigae na kiyoyozi, ukinunua oili wanakumwagia ya zamani na kukuwekea mpya hapo hapo. Wanaolijua watalijua.

Canter yangu ni lori dogo la zamani, injini ya dizeli 4D33, haina turbo wala makorokoro ya chujio la moshi. Inabeba saruji kutoka Wazo kwenda maduka ya vifaa vya ujenzi Mbagala na Chamazi. Mwenge, Ubungo, Buguruni, Tazara, halafu Kilwa Road. Daraja la Kijazi lipo, daraja la Mfugale lipo, na foleni nayo ipo. Kuna siku gari linatoka Wazo asubuhi linashusha mzigo alasiri, ukiangalia dashibodi zimeongezeka kilomita 40 na ushei, lakini injini imenguruma masaa sita. Ongeza vumbi la saruji linaloingia kila mahali. Kwa hiyo mtu akinitajia kilomita bila kuniuliza gari linapita wapi, najua hajui anachouza.

Miaka yote nilikuwa naweka ile ya kawaida, 15W-40, na kumwaga kila kilomita 5,000. Dereva analalamika gari limelala, mimi nalalamika hela. Ndiyo nikaamua nijaribu sintetiki.

Basi kijana akamwambia dereva (siyo mimi) kwamba hii ni 5W-40, gari linawaka vizuri wakati wa baridi, na atembee nayo kilomita 20,000 bila wasiwasi. Akaandika namba hiyo kwenye stika, akaibandika kwenye kioo.

Baridi! Dar! Julai tukivaa sweta ni nyuzi 20. Ile W ni "winter", majira ya baridi ya wenzetu, namba iliyoitangulia inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi. Kinachotuhusu sisi zaidi ni 40, uzito wake injini ikishachemka, na 40 hiyo hiyo iko hata kwenye dumu la bei rahisi. Faida ya sintetiki kwetu iko kwenye joto: haiungui upesi, haipungui ovyo, haigeuki gundi haraka ndani ya injini. Angenieleza hivyo ningelipa huku nacheka. Hakujua, au aliona nisingeelewa.

Nililipa hata hivyo, karibu mara mbili ya nilichozoea. Risiti ya EFD ninayo: oili, filta, ufundi. Wakati wanamwaga nilikuwa nimekaa kwenye kochi napigwa kiyoyozi, sikushuka kusimamia. Hilo nalikubali ni kosa langu.

Sasa oili. Kusema haki, wiki za mwanzo nilikuwa karibu nimsamehe yule mtoto. Injini ikawa laini, asubuhi kelele zimepungua, na dereva ambaye hasifii kitu akasema "bosi, hii ya leo gari jingine." Fundi wangu wa Tandika alikuwa ameshanionya kwamba injini iliyozoea oili ya kawaida ukiipa sintetiki inaweza kuvuja, kwa sababu inasafisha uchafu uliokuwa umeziba sili zilizochoka. Kweli ilitoa jasho kidogo pale kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikaishia hapo. Halafu oili ikawa nyeusi tii kabla hata wiki haijaisha, dereva akanipigia simu kama kuna msiba. Nikamwambia atulie. Oili ya injini ya dizeli lazima iwe nyeusi, inabeba masizi. Ikibaki nyeupe ndiyo ujiulize masizi yamekwenda wapi.

Baadaye, sikumbuki tarehe, ila mvua zilikuwa zimeanza, dereva akapiga simu tena, safari hii yuko Mtongani. Taa ya oili inawaka inazima gari likisimama. Nikamwambia zima injini, usilisogeze hata hatua moja. Nikapanda bodaboda na fundi wangu nyuma, tumebanana kama mishikaki.

Kijiti cha oili kiko sawa, oili imejaa. Fundi akaingia chini, akafungua filta, akatoka nayo, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akaigeuza. Akanipa.

Imeandikwa kwa makapeni. Tarehe na kilomita za mara ya mwisho tulipomwaga Tandika, mara moja KABLA ya lile duka. Mimi huwa naandika kila filta kwa mkono wangu, na saba yangu huwa naikata katikati. Saba zilikuwa mbili na zote zimekatwa.

Walimwaga oili, wakaifuta filta kwa kitambaa wakairudisha! Oili ya bei ile wameipitisha kwenye uchafu wa oili ya zamani. Filta ikiziba, kuna kilango ndani kinafunguka ili injini isikose oili kabisa, na hapo oili inapita bila kuchujwa. Sintetiki au dhahabu, ni kazi bure.

Haya, niwe mkweli, maana fundi aliniambia nisiape: siku ile tulibadilisha filta na pia swichi ya taa ya oili, kwa sababu ilikuwa imechoka. Taa ikazima. Ni kipi kati ya viwili, hajui, nami sijui. Inawezekana filta haikuwa na hatia ya taa. Lakini risiti inasema filta mpya.

Nikaenda dukani nimeibeba kwenye mfuko wa rambo. Kijana yule yule. Akaitazama, akasema, "Mama, mwandiko unaweza kuwa wa mtu yeyote." Nikaomba kalamu, nikamwandikia saba kumi juu ya daftari lake la mauzo. Watu wakaanza kusogea. Akatoka mkubwa wake, hakuuliza kitu, hakusema pole, akachukua filta mpya kwenye shelfu akaisukuma mpaka kwangu kwenye kaunta. Niliichukua. Ningeiacha kwa heshima ya nani?

Kwa hiyo msiende pale. Yaani nilikuwa nimeandika hivyo, msiende, halafu nikakumbuka tatizo. Oili yao ni halisi. Dumu limefungwa, lakiri haijaguswa, na injini yenyewe imetoa ushahidi. Huku mitaani nimeshauziwa oili iliyochakachuliwa mara mbili, madumu mazuri kuliko ya kiwandani. Oili nzuri kwa watu wabaya, sasa ufanyeje?

Stika yao ya 20,000 nimeibandua. Namwaga kila 7,000, na dereva anaandika masaa kwenye daftari. Yakipita 400 kabla kilomita hazijafika, tunamwaga. Kazi inafanyika Tandika, mimi nimesimama pembeni na makapeni yangu.

Na oili bado nanunua pale pale. Nafsi imegoma kukanyaga, namtuma dereva na hela. Wiki iliyopita amerudi na dumu begani, anacheka mwenyewe. Anasema wamemletea kiti na soda, wakamwambia karibu tena, bosi.