Kijivu si Kijivu Tu: Vitofali vya Kununua kwa Ngome ya Zama za Kati

Mnara wa lango wa ngome yangu ya LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea, ulinichukua wiki mbili, kila usiku baada ya kazi, chini ya taa ya mezani. Safu 24 kwenda juu, matundu ya mishale pande tatu, meno ya ukuta kileleni. Asubuhi moja nikausogeza dirishani ili niupige picha, ndipo nikaona mistari. Safu tano za chini zilikuwa na rangi ya majivu yaliyochanganyika na udongo. Za katikati zilikuwa na ubluu wa bati jipya. Juu, udongo tena. Mnara mzima ulikuwa kama suruali ya kazi iliyotiwa viraka na fundi aliyeishiwa kitambaa.

Vitofali hivyo nilivinunua kwa uzito, kilo tatu, kwa muuzaji aliyeandika "kijivu, safi, vimeoshwa". Kweli vilikuwa safi. Nilipomwandikia kulalamika alinijibu kwa maneno matatu: "Kijivu ni kijivu." Nimekaa kuuandika huu mwongozo kwa sababu ya maneno hayo.

Kwa hiyo usitarajie nikueleze habari za umri wa mtoto au idadi ya vipande, hayo yamechapwa kwenye boksi na macho unayo. Mimi nitakusumbua kwa rangi. Ngome ni ukuta, na ukuta ni rangi moja iliyorudiwa mara mia kadhaa.

Hebu tupige hesabu. Kijitu cha LEGO kina urefu wa kama sentimita 4, kwa hiyo ukuta ambao kwa kweli ungekuwa na kimo cha mita 10, kwenye meza yako unakuwa na sentimita 23 hivi. Kitofali kimoja kina kimo cha milimita 9.6, basi hapo unahitaji safu 24. Chukua bamba la chini la vinundu (vile vidonge vilivyoinuka ambavyo vitofali hushikia) 48 kwa 48, ambalo upande wake una sentimita 38.4. Ukijenga upande mmoja tu kwa vitofali vya 1x2, yaani kinundu kimoja kwa viwili, kila safu inameza 24, na ukuta wote unameza 576. Huo ni ukuta mwembamba wa safu moja, hauna vyumba nyuma, hauna minara ya pembeni. Hakuna boksi moja litakalokupa vitofali 576 vya 1x2 vya kijivu. Utachota hapa, utaongeza kule, utakumbuka mfuko ulio chini ya kitanda. Hapo ndipo unapoumia.

Kisa chenyewe ni hiki. Kati ya 2003 na 2004 LEGO walibadilisha kijivu chao. Cha zamani kilikuwa na umanjano kidogo, kipya kina ubluu. Kijivu cheusi nacho kilibadilishwa, na kahawia ikasogea kuelekea wekundu, kwa hiyo hata mbao za daraja la kuinua zinaweza kukuaibisha. Kitofali cha zamani na kipya vinashikana bila tatizo. Kampuni hii inajivunia kwamba hata cha 1958, mwaka walipoandikisha hataza ya kitofali chao, kinaingia kwenye cha leo. Kushika vinashikana, ila rangi ndiyo hazitazamani.

(Ngome ya kwanza kubwa ya LEGO ya vijitu, seti namba 375 ya 1978, ilikuwa ya manjano kabisa. Inasimuliwa kwamba kampuni haikutaka kuwapa watoto kijivu kingi wakaundia vifaru vya vita. Ngome ya kijivu, King's Castle namba 6080, ilikuja 1984. Siku ile dirishani niliwaelewa watu wa manjano.)

Nakiri mapema: mimi ni mtu wa LEGO, na mpangilio ufuatao unapendelea. Kama una chapa yako, endelea nayo kwa amani.

Nafasi ya kwanza naipa Lion Knights' Castle, namba 10305, iliyotoka 2022 kampuni ilipotimiza miaka 90. Vipande 4,514, vijitu 22, lango la nondo linaloshuka, daraja linaloinuka, na ngome yote inafunguka ukaona vyumba vya ndani. Sifa hizo utazisikia kila mahali. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: ni lundo kubwa la kijivu kutoka sehemu moja, kipindi kimoja, na huhitaji kumuuliza mtu swali. Ukishakuwa nayo una kipimo. Kila kitofali utakachonunua baadaye unakiweka ubavuni mwa ukuta huo na jibu unalo papo hapo. Kuta zake ni nyembamba kuliko ninavyopenda, na mandhari ya nje, yaani mashamba na njia ya kupandia, utaongeza mwenyewe. Lakini huanzi na viraka.

Ya pili ni vitofali vya kuchagua kimoja kimoja. BrickLink, soko la mtandaoni lililoanza 2000 na kununuliwa na LEGO wenyewe 2019, linaorodhesha kila kipande kwa namba na kwa rangi. Hapo utakuta majina mawili unayopaswa kuyatofautisha kama unavyotofautisha chumvi na sukari: Light Gray ndicho cha zamani, Light Bluish Gray ndicho cha sasa. Tafuta namba 98283, kitofali cha 1x2 ambacho uso wake umechorwa kama mawe yaliyopangwa. Hicho ndicho kinachofanya ukuta uonekane umejengwa na waashi. Angalizo: kilikuja miaka kadhaa baada ya rangi kubadilishwa, kwa hiyo kwa kijivu cha zamani hakipo. Anayeamua kujenga kwa kijivu cha zamani anajinyima kipande kizuri kuliko vyote vya kazi hii. Nunua vingi kwa muuzaji mmoja, na kabla ya kulipa mwulize kwa maandishi ni kijivu kipi. Anayejua kazi yake hatachukia swali hilo. Anayechukia amekwishajibu.

Ya tatu ni Medieval Castle namba 31120 ya 2021, vipande 1,426, inayojengwa kwa namna tatu. Ni ndogo, na ukiwa peke yako mezani na moja tu utamaliza ukitamani zaidi. Ila mbili zikiunganishwa zinatoa ua wa ndani wa kuridhisha, na kijivu chake ni cha sasa. Joka lake la kijani nililibomoa siku ya kwanza nikafanya majani ya kutambaa ukutani.

Kwa wanaotaka mji chini ya ngome, Medieval Town Square namba 10332 ya 2024, vipande 3,304, imejaa nyumba za boriti na paa zenye mteremko. Siihesabu kwenye mpangilio kwa kuwa si ngome, lakini ukiiweka mbele ya lango, ukuta wako unapata watu wa kuulinda.

Ya nne ni mtumba wa kilo. Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila mara nyingine mbuzi huwa mnono. Kama lazima ununue, omba picha iliyopigwa mchana, nje au karibu na dirisha, vitofali vikiwa juu ya karatasi nyeupe. Picha ya usiku chini ya taa ya njano haina maana, kwa sababu mwanga huo huo ndio ulionidanganya mimi. Tena mwombe aweke katikati ya rundo kitofali kimoja anachojua ni kipya. Kikipotea kati ya wenzake, nunua. Kikijitokeza kama jino la bandia, acha.

Kuna jambo la pili kwenye mtumba, kugeuka manjano. Plastiki hii, ABS, ikikaa juani miaka mingi inabadilika rangi. Watu huirudisha kwa kuiloweka kwenye haidrojeni peroksaidi na kuianika, na inarudi, lakini inaweza kugeuka tena. Na wala dawa hiyo haigeuzi kijivu cha zamani kuwa kipya. Nimejaribu, nikapata kijivu cha zamani kisafi zaidi. Chunguza pia vipande vya kahawia nyekundu na vyekundu vilivyokoza. Vya miaka fulani ni vikavu, vinapasuka ukivichomoa. Mlio wake mdogo, tak, nausikia hata nikisinzia.

Ya tano ni vitofali vya bei nafuu visivyo na jina. Vinashika, vingine vinashika hata kupita kiasi. Kila mtengenezaji ana kijivu chake. Tuendelee.

Kuna watakaosema mawe ya kweli hayana rangi moja. Ni kweli. Tazama Guédelon kule Burgundy, Ufaransa, ambako tangu 1997 wanajenga ngome kwa mbinu za karne ya 13: jiwe hili limeelekea kahawia, lile limepauka. Ila pale rangi zimetawanyika, haziendi kwa tabaka. Ukitaka mchanganyiko, uufanye kwa makusudi: kwenye vitofali kumi weka kimoja cha kijivu cheusi, sehemu nyingine kimoja cha rangi ya mchanga, na karibu na handaki kijani kilichofifia, kana kwamba maji yamepanda ukutani. Kijivu cha zamani na kipya vikikaa pamoja haviwi mawe tofauti. Vinakuwa uchafu, kwa kuwa vinafanana mno kuonekana vimechaguliwa na vinatofautiana mno kufichika.

Sasa niwaseme wauzaji, nimejizuia vya kutosha. Seti ikishaacha kutengenezwa, wanajitokeza waliokuwa wameficha maboksi kabatini, hawajajenga hata moja. Medieval Market Village, namba 10193 ya 2009, vipande 1,601, ilikuwa kitu cha kawaida dukani. Leo inauzwa kama urithi wa ukoo. Nilimwomba mmoja picha ya vipande akasema hawezi kufungua boksi, litashuka thamani. Kwa hiyo kitu cha kuchezea kina thamani alimradi hakijachezewa! Wengine wanatoa vijitu wanaviuza peke yake, kisha wanaiita iliyobaki "seti kamili ya majengo". Kamili ya majengo. Soma maneno hayo polepole kabla hujatoa hela, na uhesabu vijitu kwenye picha ukilinganisha na kijitabu cha maelekezo.

Mnara wangu niliubomoa. Niligawa rundo kwenye sinia mbili kando ya dirisha, kuanzia saa nne asubuhi hadi mchana, kimoja kimoja, na vipya vikawa nusu tu ya nilivyodhani. Hivyo vimerudi langoni pamoja na 98283 mia mbili kwa muuzaji aliyejibu swali langu vizuri. Vya zamani nimevijengea mnara wa kale uliobomoka, ng'ambo ya handaki, vinundu 30 mbali na ukuta. Umeota majani ya joka.