Safari ya Angani Inayostahili Kulipiwa Mara ya Pili

Mwaka jana nililipia safari ya puto la hewa moto katika Maasai Mara, na kwa karibu saa nzima nikatazama mgongo wa koti la abiria aliyesimama mbele yangu. Kikapu kilikuwa kimegawanywa vyumba vya watu wanne, wawili ukingoni na wawili nyuma yao, nami nikawekwa nyuma. Nyumbu niliwasikia tu.

Wasomaji huniuliza kwa nini mtu alipie tena kitu alichokwisha kukiona. Puto halina usukani: rubani hulipandisha na kulishusha akitafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, kwa hiyo safari mbili zinazoanzia uwanja mmoja hazifuati njia moja wala hazitui mahali pamoja. Anayerudi hununua asubuhi nyingine kabisa. Asiyerudi, kwa maoni yangu, ni yule aliyenyimwa ukingo. Kabla ya kulipa, uliza kila chumba cha kikapu hubeba watu wangapi, na kama rubani hulizungusha puto kwa kufungua matundu ya ubavuni ili kila upande upate zamu ya kutazama. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo hajui anachouza.

Kati ya safari za angani zinazostahili kulipiwa tena, nafasi ya kwanza nawapa Go Ballooning Kenya, warushaji wa puto wa Ziwa Elementaita, na sifichi kwamba nawapendelea. Walinijibu yote mawili kabla sijatoa hata shilingi. Kutoka Nakuru ni mwendo mfupi, ingawa ni lazima ufike kabla ya mapambazuko, kwa kuwa jua likishaipasha ardhi joto hewa haitulii tena. Moto wa gesi ulipozimwa, kimya kilitanda hata nikawasikia heroe wakilia chini, na safari hii nikawaona.

Maasai Mara naiweka ya pili kwa ajili ya wanyama wake, hasa kati ya Julai na Oktoba, lakini bei hupita dola 400 kwa mtu mmoja, nawe bado waweza kuwekwa safu ya nyuma.

Iten ni ya tatu: unaruka na rubani kwa parachuti lenye umbo la bawa juu ya Bonde la Kerio, wewe ukiwa mbele yake, bila mtu wa kukuziba. Ni nafuu, ila utasubiri upepo. Ukikodi ndege ndogo, chagua yenye mabawa juu ya madirisha, yasikuzibe.

Kinachoniudhi zaidi ni bei kutajwa kwa dola kwa mkazi wa Nakuru anayelipwa kwa shilingi na kulipa kwa M-Pesa. Muuzaji wa safari yangu ya mwaka jana alinibadilishia kwa kiwango cha juu kuliko cha benki siku ile ile, kisha akaniongezea ada ya kutuma. Niliomba stakabadhi inayoonyesha kiwango hicho, na mpaka leo sijaipata.