Chungu cha umeme cha kununua kwa rojo la kuku wa Buffalo

Kila Februari, siku ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Marekani hualikwa kutazama mpira ambao wengi wetu hatuuelewi. Kinachotupeleka ni bakuli la katikati ya meza: rojo la kuku lenye jibini, siki na pilipili, la kuchovya chipsi za mahindi. Ladha yake imetoka kwenye mabawa ya kuku ya Anchor Bar, mjini Buffalo, New York, yanayosimuliwa kuanza mwaka 1964. Zamu ya kupika ikikufikia, utahitaji chungu cha umeme kinachopika polepole. Navipanga kuanzia ninachokipenda zaidi.

1. Kidogo, cha kwoti 2 hadi 3, chenye kitufe cha kuzungusha. Kwoti moja inakaribia lita moja. Watu hudharau udogo huu, lakini vyungu hivi hufanya kazi vizuri vikijaa nusu hadi theluthi mbili, na rojo la watu kumi linaenea humo barabara. Weka mapaja ya kuku yasiyo na mifupa, kama kilo moja, mimina sosi ya pilipili, funika, acha moto mdogo kwa saa nne hivi. Kidari nacho kinafaa, ila hukauka upesi. Pima katikati ya nyama: nyuzi 74 za Selsiasi, ameiva. Mchambue kwa uma mbili, ndipo utie jibini laini. Ukiitia mapema inakatika. Hakikisha kitufe kina alama ya kuhifadhi joto, maana mpira wenyewe huchukua zaidi ya saa tatu. Mara nyingi bei haifiki dola 40. Rojo lenyewe mimi hulila kwa chapati, na wageni wameshaacha kunishangaa.

2. Kikubwa, cha kwoti 6, chenye saa ya kujizima. Kizuri kama una familia na unapika maharage wiki nzima. Kwa rojo pekee, hutandazika chini na kuungua pembeni. (Maharage mekundu yachemshe kwanza dakika kumi jikoni, moto mdogo hauondoi sumu yake.)

3. Sufuria ya presha yenye kazi nyingi. Kuku huiva ndani ya dakika kumi na tano kwa presha, hapo haina mpinzani. Ila ukiiweka kwenye kupika polepole, joto hutoka chini tu badala ya kuzunguka ubavuni, nalo rojo hushika kitakoni. Kama unayo tayari, usinunue kingine. Koroga tu mara kwa mara.

4. Kibakuli cha kupashia. Hakina kitufe wala nguvu ya kuivisha. Ukikitia kuku mbichi unawatafutia wageni tumbo la kuhara.

Chochote utakachochukua, kuku aliyeganda myeyushe kwanza kwenye friji, kwani chungu cha polepole huchelewa mno kumpasha.

Na ukitaka kumpelekea mama zawadi, kanunue hukohuko nyumbani. Vya Marekani ni vya volti 120, pungufu ya umeme wa kwetu, na huungua. Shangazi yangu alichomeka cha kwangu Tanga bila transfoma, na jioni ile tulikula wali na maharage.